Uzito wa Hema: Malazi ya Familia Safarini Milimani

Mtu aliyezoea kutembea milimani peke yake huhukumu hema kwa mizani, wala hukumu yake haina kosa kubwa, maana mzigo ni wake, usingizi ni wake, na akilala vibaya usiku mmoja hakuna mwingine atakayeumia. Lakini baba na mama wanaotoka Lushoto asubuhi na watoto wao wawili, wakikusudia kuupita msitu wa Magamba na kulala njiani siku mbili tatu kabla ya kufika Mtae, hao wana haja nyingine kabisa, ijapokuwa muuza mahema huwajibu kana kwamba ni ile ile. Atawaambia hili lina kilo mbili, lile kilo nne, hili la nailoni, lile la poliesta, na bei zake ni hizi; asiwaulize mtoto mdogo ana umri gani, hulala kwa utulivu au hujigeuza usiku kucha, huogopa giza au haogopi. Kwa maoni yangu maswali hayo ndiyo ya kwanza, na mizani hufuata. Hoja ninayotaka kuieleza ni kwamba hema la familia ni jepesi pale linapomwezesha aliye mdogo kuliko wote kulala mkavu na kuamka na nguvu za kutembea. Na kwamba nasaha nyingi za mahema mepesi tunazozipokea zimeandikwa kwa ajili ya nchi za theluji, hivyo hatuna budi kuzipima upya kwa jua letu, mvua zetu na joto la pwani yetu kabla ya kuzifuata.

Zamani za misafara mikubwa uzito wa hema haukuwa taabu ya mwenye hema, ulikuwa taabu ya mpagazi. Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, nyuma yao walikuwako wapagazi waliowapandishia masurufu kutoka Marangu, na katika kambi ya juu, penye baridi ambayo mtu wa pwani hakuzaliwa nayo, alibaki pamoja nao Mwini Amani, mtu wa Pangani, ambaye jina lake lastahili kutajwa kila linapotajwa la Meyer. Huko Ulaya, hata hivyo, walikuwako tayari watu waliokwisha anza kuhesabu ratili. Edward Whymper, katika miaka ya 1860, alibuni kwa ajili ya milima ya Alps hema la nguzo nne lenye sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta. Albert Mummery, akimfuata, alitumia vitambaa vyembamba na kufanya mashoka yake ya barafu kuwa ndiyo nguzo. Na Thomas Hiram Holding, fundi wa nguo wa London aliyesafiri kwa baiskeli na mtumbwi, aliandika mwaka 1908 kitabu kizima cha kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kulala nje na mzigo mdogo. Kisha zikaja nailoni na fito za alumini. Mwaka 1971 Bo Hilleberg, mtu wa misitu wa Sweden, alianzisha karakana yake, akatengeneza mahema ambayo paa la nje na chumba cha ndani husimamishwa kwa pamoja, ili mvua isikinyeshee chumba kabla hakijafunikwa. Na mwaka 1975 kampuni ya The North Face ya Marekani ilitoa kuba la fito zinazopishana, kwa kufuata hesabu za Buckminster Fuller. Kila mmoja wa watu hao alijibu taabu aliyoiona mahali alipokuwa, na majibu yao yametufaa sote. Ila hakuna hata mmoja aliyekuwa akimfikiria mama mwenye mtoto wa miaka mitano, juu ya mteremko wa udongo mwekundu, jioni ya mwezi wa Novemba mvua za vuli zinapoanza.

Tuanze basi na hesabu, maana wepesi usipohesabiwa huwa ni neno tu. Yakubaliwa na wengi kwamba mtu mzima asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, na mtoto asizidishe sehemu moja ya kumi. Mama mwenye kilo 60 atabeba 12, baba mwenye kilo 75 atabeba 15; jumla 27. Mtoto wa miaka minane, mwenye kilo kama 25, atabeba mbili na nusu, nazo zitakwisha katika nguo zake na koti lake la mvua, wala haifai kumtarajia zaidi. Sasa toa maji: lita mbili kwa kila mtu ni kilo nane. Toa chakula kikavu cha siku tatu, gramu 600 kwa kila kichwa kwa siku, ni kilo saba na kidogo. Toa mifuko minne ya kulalia, karibu kilo tano, na magodoro manne ya sponji, kilo moja na nusu. Kinachobaki hakifiki kilo sita, na humo zimo sufuria, jiko la gesi, dawa, tochi na nguo za wazazi. Dhahiri ni kwamba hema la kilo saba au nane, lile pana linalouzwa kwa ajili ya watu wanaofika kambini kwa gari, halina nafasi katika safari hii. Na dhahiri pia ni kwamba hakuna haja ya kulitafuta lile la gramu mia tisa linalouzwa kwa bei ya ng'ombe wawili. Hema la kilo tatu kwa watu wanne, paa likibebwa na huyu, fito na vigingi na yule, latosha kabisa.

Lakini «watu wanne» ni watu gani? Watengenezaji hupima kwa mabega, wakimkadiria kila mlalaji upana wa sentimita 50 hadi 60, kana kwamba binadamu hulala kama samaki dagaa katika kopo, bila shanta, bila viatu, bila mtoto anayekita magoti katika mbavu za babake. Hema liitwalo la watu wanne lina upana wa mita mbili na robo hivi. Watu wazima wanne humo hulala kwa uvumilivu, ilhali wazazi wawili na watoto wawili wadogo hulala kwa raha. Maadamu watoto hawajapita miaka minane au tisa, mimi nashikilia rai ya hema moja. Mtoto anayeamka usiku wa manane na kusikia fisi kwa mbali, au pimbi wa miti akilia juu ya tawi kwa ile sauti yake isiyofanana naye, ataka kunyoosha mkono na kumgusa mtu. Na mzazi anayelazimika kutoka nje katika baridi ili kuingia hema la pili hatalala tena hadi alfajiri.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si dhaifu. Wasema mahema mawili madogo hugawanyika vema katika mizigo, na juu ya hayo hupata mahali pa kukaa ambapo hema kubwa halipati. Hili la pili nalikubali bila ubishi, hasa kwa Usambara, Uluguru na vilima vya Taita, ambako ardhi tambarare ni haba mno na ile iliyopo imelimwa. Kupata uwanja wa mita tatu kwa tatu usioinama ni kazi ya kutwa, bali vijiwanja viwili vya mita mbili kwa moja na nusu hupatikana hata kando ya njia. Basi watoto wakishakua, wakaanza wenyewe kutaka faragha, familia na igawanyike. Na kabla ya hapo, mwenye kununua hema moja alitazame lile lisilo pana kupita kiasi, lenye kuta zinazosimama wima, ambalo watoto huweza kulalia upande wa miguuni wakipingana na wazazi.

Sasa nije kwenye kitambaa, na hapa naomba wasaa, kwa sababu ndipo nchi yetu inapotofautiana na nchi za kaskazini kuliko popote. Vitambaa vya mahema mepesi ni vya namna mbili kwa wingi wake. Nailoni ni imara ikivutwa na hunyumbuka, lakini hunywa maji kidogo na kurefuka ikilowa, hata hema lililokazwa vizuri saa kumi na mbili jioni hukutwa saa nne usiku limelegea kama tanga lililokosa upepo, likigusana na chumba cha ndani na kupitisha unyevu kwa wanaolala. Poliesta hairefuki kwa maji kwa kiasi hicho, na hulistahimili jua vizuri zaidi, ingawa kwa uzito ule ule hupasuka upesi kuliko nailoni. Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Paa la denia 15 au 20 ni jembamba sana, la 40 ni la wastani, na sakafu yafaa isipungue 40 kama mna watoto, kwani mtoto huingia hemani na mchanga, na miba iliyonata katika soksi, na kila kitu alichokiokota njiani.

Jua letu ni adui ambaye vitabu vya Sweden na Uingereza humtaja kwa sentensi moja. Karibu na ikweta mionzi hupiga wima, na juu ya mita 3,000 hewa ni nyembamba, huizuia kidogo tu. Paa la nailoni nyembamba lililoachwa wazi mchana kutwa katika uwanda wa Shira, siku baada ya siku, hupoteza nguvu zake bila kuonyesha dalili yoyote, mpaka siku linapochanika kwa upepo usio mkubwa. Kwa hiyo atakaye hema lake lidumu alipige jioni na kuling'oa asubuhi, na kama familia inapumzika kambini siku nzima, alitie kivulini au alilaze chini.

Adui wa pili hakutani nasi mlimani kabisa, bali hutungojea nyumbani. Nailoni na poliesta zenyewe hazizuii maji. Kinachozuia ni utando uliopakwa juu yake, ama wa silikoni ama wa poliyurethani, na uwezo wake huandikwa kwa milimita za maji ambazo kitambaa huzihimili kabla hakijavuja, 1,500 zikiwa zatosha kwa paa na 3,000 au zaidi zikifaa kwa sakafu inayokandamizwa na magoti. Utando wa poliyurethani, ambao ndio ulio katika mahema mengi ya bei nafuu, una udhaifu mmoja: unyevu na joto vikiushika kwa muda mrefu huuvunja. Hema lililokunjwa likiwa na umande na kusahauliwa kabatini London huweza kuota koga tu; likifanyiwa hivyo Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, utando wake huanza kunata, kisha hutoa harufu ya uchachu, kisha hubanduka vipande vidogo vyeupe, na hapo hakuna dawa. Silikoni haina maradhi hayo. Ndiyo maana mimi, nikiulizwa na mtu wa pwani atie fedha yake wapi, humwambia aitie katika paa lenye silikoni pande zote mbili, hata kama itambidi kuvumilia fito za kawaida na rangi asiyoipenda.

Neno hili la fedha halikwepeki, kwa kuwa mahema mapya mepesi kwetu ni machache na ghali, na familia nyingi hulipata hema ama kwa kukodi Moshi au Nanyuki, ama katika mitumba ya Gikomba na masoko mengine kama hayo. Sioni aibu katika mitumba. Nimeona humo mahema ya karakana bora za Ulaya yakiuzwa kwa bei ya turubai la kuanikia mahindi. Ila mnunuzi ajue kukagua. Asikubali kuliona hema likiwa limekunjwa. Alikunjue lote, aingize pua ndani ya mfuko wake kwanza, kwani uchachu husikika kabla ya kuonekana. Kisha ashike upande wa ndani wa paa kati ya kidole gumba na cha shahada, avisugue polepole, na kama kitambaa kinanata, au kinaacha unga mweupe kwenye vidole, alirudishe kwa upole na kumuaga mwenye duka. Apitishe macho katika mishono yote, akitazama ule utepe mwembamba uliogandishwa juu yake: ukiwa umeinuka kama ganda la kitunguu, maji yatapita hapo hapo. Avute kitambaa kwa nguvu ya kadiri pembeni mwa tundu la fito, palipopata jua zaidi. Zipu iliyoachama isimtishe, maana mara nyingi ubovu u katika kichwa chake, nacho fundi wa mashanta hukibana kwa koleo au kukibadilisha kwa shilingi chache. Fito moja iliyovunjika pia si hoja, ikiwa ni ya alumini, kwa sababu hupatikana bomba dogo la kuivika pale ilipovunjika; lakini fito za nyuzi za kioo zilizopasuka hutoa miiba isiyoonekana ambayo hukaa katika mikono ya watoto kwa juma zima, na hizo zikataliwe.

Kuhusu umbo nitapita upesi zaidi. Kuba linalosimama lenyewe kwa fito zake lafaa mahali penye mawe pasipoingia kigingi, kama vile Shipton's Camp katika Mlima Kenya, mita 4,200 juu ya bahari, na pia huweza kuinuliwa na watu wawili na kuhamishwa hatua tatu likionekana limekaa vibaya. Lile lenye umbo la handaki hutoa nafasi kubwa kwa uzito mdogo, na baraza yake hupokea mashanta na viatu vya familia nzima, lakini bila vigingi madhubuti pande zake mbili halisimami, na upepo ukilipiga ubavuni hulitaabisha. Lile la nguzo moja katikati, ambalo husimamishwa kwa fimbo za kutembelea, ndilo jepesi kuliko yote na ndilo la bei nafuu kushona kwa fundi wa cherehani. Ila mtoto aliyelala humo, akijigeuza, huweza kuiangusha nguzo juu ya ukoo mzima. Kwa Usambara na Magamba ningechukua handaki. Kwa Mlima Kenya, kuba. Kwa nchi ya joto karibu na Ziwa Natron, chochote chenye chumba cha ndani cha chandarua tupu, kwani huko kinachotafutwa usiku ni hewa.

Tumefika kwenye jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni kuvuja. Familia huamka alfajiri, hukuta matone yakining'inia upande wa ndani wa paa na mifuko ya kulalia imelowa miguuni, nao hulaani muuzaji. Kumbe mvua haikunyesha, na maji yale ni yao wenyewe. Kila mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho mamia ya mililita za maji usiku mmoja, na wanne wakiwa pamoja katika chumba kidogo hutoa maji ya kujaza birika. Mvuke huo hugusa kitambaa kilichopoa, ukageuka matone. Hema la kuta mbili huusaidia mvuke kupita katika chandarua na kugandia katika paa la nje, mbali na walalaji, na kwa sababu hiyo hema la ukuta mmoja silisifu kwa familia hata liwe jepesi kiasi gani. Dawa iliyobaki ni hewa. Matundu ya juu yaachwe wazi hata penye baridi, na mlango wa paa uachwe shibiri moja kutoka juu. Mama atasema watoto watapata mafua, na ni haki yake kusema, lakini mtoto mkavu katika hewa baridi hupata joto upesi kuliko mtoto aliyelowa katika hewa ya vuguvugu. Ikiwa Mombasa usiku ni nyuzi 24, kwa hesabu ya kawaida ya kupungua nyuzi sita na nusu kila mita 1,000, huko kambi ya Old Moses katika Mlima Kenya, mita 3,300, zitabaki mbili au tatu. Baridi hiyo huzuiwa na godoro la chini na mfuko wa kulalia, wala haizuiwi na kitambaa cha hema, ambacho ni chembamba kuliko khanga.

Kabla ya kupiga hema kuna kuchagua mahali, na katika kuchagua mahali mzazi asitosheke na uzuri wa mandhari. Mto wa mchanga na korongo kavu hualika, kwa kuwa ni tambarare na laini, nao ni hatari kubwa, maana mvua huweza kunyesha mbali, pasipoonekana wingu, na maji yakaja kwa ghafla: katika makorongo ya Hell's Gate karibu na Naivasha mafuriko ya namna hiyo yaliwachukua watembezi mwaka 2012, na tena mwaka 2019. Kitako cha bonde nacho kina baridi zaidi kuliko ubavu wa kilima, kwa sababu hewa baridi ni nzito na usiku huteremka ikatulia chini; hatua hamsini za kupanda huleta tofauti ambayo mwili huihisi. Msituni mtu ainue kichwa kwanza, atazame kama juu yake pana tawi lililokufa. Kisha ainamishe kichwa, atazame njia za wanyama, kwani njia pana yenye kinyesi cha nyati au tembo si mahali pa kulaza mtoto. Kisha achuchumae, atafute siafu. Wao hawaonekani mchana kila siku, lakini ukiona mfereji mwembamba uliolainishwa katika majani makavu, hapo ni barabara yao, na usiku mnaweza kuwakuta ndani ya nywele. Wenyeji huzungushia majivu. Mimi naona heri kuhama mapema.

Hema lenyewe lipigwe wakati kungali na mwanga, na kwa utaratibu ambao familia nzima inaujua. Mawe na vijiti viondolewe kwa mikono mitupu, kwa sababu kiganja huona kisichoonwa na jicho. Turubai dogo la kulinda sakafu litandikwe likiwa dogo kuliko sakafu pande zote, lisichomoze hata kidole, la sivyo litakusanya maji ya paa na kuyapeleka chini ya walalaji. Vigingi vya upande unakotoka upepo vitangulie, ili kitambaa kikipeperuka kiwe kimeshikwa. Mlango uelekee upepo unakokwenda. Kigingi kitiwe mpaka shingoni, kichwa chake kikiegemea nje, mbali na hema, na kamba ishuke kwake kwa ulalo mrefu, si wima, kwa sababu kamba fupi iliyosimama huking'oa na ndefu iliyolala hukizamisha. Pale ambapo ardhi ni mwamba, kamba ifungwe katika jiwe la ukubwa wa nazi, kisha jiwe la pili, zito zaidi, liwekwe juu ya kamba mbele ya lile la kwanza. Pale ambapo ni majivu ya volkeno au mchanga, kigingi hakishiki hata kidogo. Hujazwa mfuko kwa mchanga, hufungwa kamba katikati, ukafukiwa kina cha mkono. Na baada ya saa moja, jua likishazama na kitambaa kikishanyonya unyevu, mtu mmoja atoke akaze kamba zote upya. Katika kazi hii yote watoto wasiwekwe kando wakatazame. Mtoto wa miaka saba akikabidhiwa mfuko wa vigingi na kuambiwa, «Mwanangu, hivi ni amana yako, vihesabu jioni na uvihesabu asubuhi,» atavihesabu kwa uaminifu unaowashinda watu wazima, na hema lile litakuwa kwake nyumba aliyoijenga, ambayo hataogopa kulala ndani yake.

Kuna sharti moja ambalo sina haja ya kulipamba. Jiko la mkaa, hata likionekana limebaki makaa matupu yasiyo na moshi, lisiingizwe hemani kwa sababu ya baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi huua watu waliolala katika vyumba vikubwa kuliko hema lolote. Jiko la gesi nalo lipikiwe nje, hata kama mvua inanyesha na mpishi amejifunika koti, kwani nailoni haichukui muda kushika moto, na ikishika huyeyuka na kudondoka juu ya ngozi. Chakula cha jioni kikiwa baridi si msiba. Watoto hupenda mkate wa kumimina na karanga kuliko tunavyodhani.

Safari ikiisha, hema halijamaliza kazi yake, nalo hudai siku moja zaidi. Asubuhi ya mwisho hukunjwa likiwa na umande, hilo halizuiliki; basi likifika nyumbani lifunguliwe siku hiyo hiyo, lianikwe uani penye kivuli na upepo, paa upande mmoja na chumba upande mwingine, mpaka mishono yenyewe, ambayo hukauka mwisho, iwe mikavu kwa kushika. Mchanga ukung'utwe, matope yafutwe kwa maji matupu bila sabuni ya unga, na vigingi vihesabiwe kwa mara ya mwisho na mwenye amana yake. Kisha lisirudishwe katika ule mfuko wake wa kubana, bali litiwe kwa ulegevu katika foronya ya pamba, na kama nyumba iko karibu na bahari, liwekwe katika chumba chenye hewa kuliko vyote, lisiwe juu ya kabati chini ya mabati wala chini ya kitanda. Na kila baada ya mvua za masika likunjuliwe tena nusu siku, hata kama hakuna safari iliyopangwa.